Kabla Hajapelekwa Matiliku

Mimi sipendi vikao. Kwa miaka yote ambayo nimekuwa afisa wa watoto hapa Kitui, kama kuna kitu kilichowahi kunifanya nitamani kuacha kazi nikalime ndengu, ni kikao. Watu huketi, mmoja huomba dua inayowapitia wagonjwa wote wa kaunti, chai huja, na ajenda husahaulika. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba kesi za watoto wanaodhulumiwa kupitia simu zitajadiliwa kila Alhamisi na sisi sote pamoja, yaani polisi, daktari, mshauri, kiongozi wa mashtaka na mimi, nilinuna waziwazi. Niliwaambia wenzangu kwamba sisi tutakuwa tunakunywa chai na mtoto yuko nyumbani anaumia.

Lakini nilikumbuka pia jinsi mambo yalivyokuwa zamani. Mtoto alianza kwa mwalimu, akaeleza. Akapelekwa kwa chifu, akaeleza tena. Kituoni alieleza akiwa amesimama kaunta, nyuma yake mtu amekuja kuripoti mbuzi waliopotea, na masikio yote yako kwake. Hospitalini akaeleza, kwangu akaeleza. Alipofika mahakamani alikuwa amechoka, maneno yamebadilika kidogo kwa kurudiwarudiwa, na hapo ndipo wakili wa upande wa pili alipopata pa kuingilia. Nimewaona watoto wakinyamaza kabisa katikati ya ushahidi kwa sababu walikuwa wameishiwa na hamu ya kuaminiwa.

Utaratibu mpya ulikuwa mwingine. Mtoto angeeleza mara moja tu, kwa mtu mmoja aliyefunzwa kazi hiyo, katika chumba kidogo chenye mkeka na viti viwili, na maelezo yangerekodiwa. Sisi wengine tungetumia rekodi hiyo. Picha, kama zipo, zilikuwa zinafungwa kwa lakiri na kuonwa na mpelelezi peke yake. Mezani yaliletwa maneno tu, ujumbe uliopigwa chapa kwenye karatasi, na kila mmoja alitakiwa kuyasoma yote na kusema alichokiona kabla mtu hajainuka. Hilo la kusoma yote ndilo lililoniudhi zaidi. Mimi nina kazi nyingi, na maneno ya watu wa aina hiyo yananichafua roho.

Mama mmoja alikuja kutoka Zombe na binti yake wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa gredi ya nane. Mtoto alikuwa akitumia simu ya mama yake jioni kufanya kazi za shule. Humo akapata rafiki, msichana wa kupendeza kwenye picha, aliyesema anasoma Nakuru. Waliongea wiki nyingi kuhusu masomo, nywele na nyimbo za kwaya. Halafu yule rafiki akaanza kuomba picha, na baadaye picha za aina ambayo mtoto hafai kuombwa na mtu yeyote. Alipopata moja, urafiki ukaisha. Kilichobaki ni vitisho: tuma nyingine, la sivyo hii inaingia kwenye kundi la darasa lenu.

Mtoto alimwambia mwalimu wake wa ushauri. Mwalimu yule Mungu ambariki, kwa sababu hakumhoji, hakumgombeza na hakumtumia mwalimu mwenzake picha hata moja. Alichukua simu, akaizima, akampigia mama. Mama alipofika alitaka kufuta kila kitu, kama mtu anavyofuta matope kwenye kizingiti kabla wageni hawajaingia. Mwalimu akamwambia, "Mama, hiyo uchafu ndiyo itatusaidia. Usiguse." Nilipoyasikia hayo nilitamani kumletea zawadi ya kuku.

Afande wa dawati la jinsia ndiye aliyeongea na mtoto kwenye chumba cha mkeka. Ni mwanamke mrefu, Mluhya, mcheshi, ambaye kwa miaka miwili aliyokaa kwetu alikuwa amejifunza Kikamba cha salamu na cha kununulia kuku. Mimi humtania kwamba akistaafu atarudi kwao akiwa bado hajui kuomba maji. Kazi yake lakini anaijua, na watoto humpenda. Alimwonyesha mtoto ile picha ya yule rafiki wa Nakuru, akamuuliza, "Unamjua huyu msichana?" Mtoto akasema hamjui. Tukaandika kwamba mkosaji ni mtu asiyejulikana, na upelelezi wa namba ya simu ukaanza polepole, maana laini yenyewe ilikuwa imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja mzee ambaye hajui hata kuandika ujumbe.

Wakati huo kijiji kilikuwa kimeanza kunong'ona. Hakuna aliyeona picha yoyote, lakini kanisani watu walihama benchi alilokaa yule mama, na mtoto akakataa kwenda shule. Hapo mama akaja na pendekezo. Shemeji yake, baba mdogo wa mtoto, anafanya biashara ya nafaka Matiliku, huko Makueni. Ana nyumba kubwa, ana chumba cha ziada, na shule iko karibu. Alikuwa tayari kumchukua mtoto hadi mambo yatulie. Baba mwenyewe wa mtoto anafanya kazi Mombasa na huja mara chache, kwa hiyo ndugu yake ndiye aliyekuwa mwanamume wa kukimbiliwa.

Alhamisi hiyo jambo la kwanza mezani lilikuwa hilo: mtoto aende Matiliku au asiende. Baba mdogo alikuwa tayari nje kwenye benchi, gari lake limeegeshwa chini ya kivuli cha ukuta, begi la mtoto liko ndani ya buti. Nilipopita aliinuka kunisalimia kwa mikono miwili. Alikuwa amemletea mtoto mkate na maziwa ya mtindi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, mmemshika huyo mtu?" Nikamwambia bado. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema dunia imeharibika. Nilimpenda, nisidanganye. Nilijiambia laiti kila mtoto ninayemhudumia angekuwa na baba mdogo kama huyu.

Kwa kawaida mtoto hahamishiwi kaunti nyingine kabla afisa wa huko hajaikagua nyumba. Mwenzangu wa Makueni alikuwa ameahidi kwenda wiki iliyofuata. Mama aliomba tusisubiri. Daktari alisema mtoto halali wala hali vizuri, na kumtoa Zombe kungemsaidia. Mshauri alisita, akasema mtoto alipoulizwa kuhusu safari alinyamaza tu. Mimi nikasema mtoto yeyote angenyamaza, na kwamba nitampigia mwenzangu simu tumalize. Nilikuwa na kalamu mkononi. Kiongozi wa mashtaka, kijana mmoja mpole asiye na haraka, akasema, "Madam, tusome kwanza. Hatujasoma."

Nikasoma kwa hasira, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Msichana wa Nakuru aliandika Kiswahili cha vijana wa mjini, sheng nyingi, maneno yamekatwa mikia. Ilikuwa imefanywa vizuri. Hata mimi ningeamini ni msichana. Nikafika mahali ambapo mtoto alikuwa ameandika kwamba anaogopa, anataka kumwambia mama. Na yule mtu, pengine kwa haraka ya kumtuliza, alijibu: "Mwaitu usiogope, hakuna mtu atajua."

Niliisoma tena. Afande akaona nimekwama hapo.

"Hilo ni neno lenu," akasema. "Nilidhani ni jina la utani. Si ni kama kusema mpenzi?"

"Si mpenzi," nikamwambia. "Ni mama yangu."

Akanitazama bila kuelewa, na ikabidi niwaeleze wote, maana mezani pale Mkamba nilikuwa peke yangu. Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Tangu siku hiyo baba yake hamwiti jina. Humwita mwaitu, na ndugu za baba nao humwita vivyo hivyo, kwa sababu mama ni wa wote. Utamsikia mzee mwenye mvi anamwambia mtoto anayenyonya, "Mwaitu, mbona unalia?" na hakuna anayecheka. Wengi wetu tumekua tukiitwa hivyo, hata hatusikii tena kwamba ni neno la ajabu.

Kiongozi wa mashtaka akauliza swali la haki. "Lakini sokoni si kila mama anaitwa mwaitu? Mimi nimesikia kila mahali."

"Mama, ndiyo," nikasema. "Ni heshima. Lakini huwezi kumwita hivyo msichana wa miaka kumi na mitatu usiyemjua. Na msichana mwenzake wa Nakuru ndiyo kabisa hawezi."

Tulimwita mama chumbani. Sikumwambia chochote. Nilimuuliza tu, kama mtu anayejaza faili, binti amepewa jina la nani. Akasema la nyanya yake, mama ya baba. Nikamuuliza nyumbani anaitwaje. "Mimi namwita jina. Baba yake anamwita mwaitu." Halafu akaongeza, bila mtu kumuuliza, "Na anko wake, huyu ako nje. Wao wamezaliwa tu wawili."

Mama akatutazama mmoja mmoja, na nikaona uso wake ukibadilika. Daktari alisogeza kiti chake karibu naye akamshika mkono.

Mimi nilikuwa tayari nimesimama. Ninajijua. Nilitaka kufika kwenye lile benchi nimshike mtu kwa kola ya shati. Kiongozi wa mashtaka hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema neno moja si ushahidi na kortini lisingesimama peke yake. Alisema linatosha kumzuia mtoto asipande gari, basi. Kisha akaniambia, "Na kila kitu tunachohitaji kiko kwenye simu yake mfukoni. Akishtuka tu, ataifuta au ataitupa. Tafadhali madam, usimguse wala usimuulize kitu."

Wakagawana kazi palepale. Afande na kiongozi wa mashtaka wakavuka uwanja kwenda kwa hakimu kuomba amri ya kuchukua simu. Mshauri akaenda kwa mtoto aliyekuwa kwenye chumba cha mkeka, na akaonywa asimtajie jina la mtu yeyote, kwa sababu jina likitoka kinywani mwetu kwanza, halitakuwa tena la mtoto. Daktari akabaki na mama. Nikauliza mimi nifanye nini.

"Wewe kaa na yeye," afande akasema. "Wewe ndiye amekuzoea. Mwambie karatasi hazijaisha. Na ucheke, tafadhali."

Mimi, ambaye hasira zangu zinajulikana hadi kijijini kwangu Tulia, nikatoka nje nikaketi kwenye benchi karibu na mtu yule. Nikamwambia serikali na karatasi zake, vumilia kidogo. Akacheka, akasema anaelewa. Tukaongea habari za mvua. Akanieleza kwamba kwao Matiliku mahindi yamekauka lakini ndengu zimekubali. Nikamuuliza kuhusu wadudu wa ghala, akanieleza vizuri, kwa subira, jinsi anavyokausha nafaka kabla ya kuifunga. Wakati wote simu yake ilikuwa mfukoni mwa shati, na kila ilipolia nilimtupia swali jingine la nafaka. Mara moja aliitoa, akaiangalia, akairudisha. Nilimwuliza haraka haraka kama ana watoto. Akasema anao wawili, wa kiume. Kisha akasema, "Huyu ndiye msichana wetu. Mwaitu." Alilisema kwa upendo, na mpaka leo sijui nifanye nini na hilo. Nilitabasamu. Meno yangu yaliuma kwa kutabasamu.

Ndani, kama nilivyosikia baadaye kwenye rekodi, mshauri alimwambia mtoto tu, "Hebu niambie kuhusu Matiliku." Mtoto akasema huko hataki kwenda. Mshauri hakuuliza kwa nini. Alisema anamsikia. Na mtoto akaendelea mwenyewe.

"Huyo wa kwa simu anaongea kama anko," alisema. "Mara moja tu. Nikajiambia ni mimi nimechanganyikiwa. Anko ndiye ananinunulia vitabu." Na baadaye: "Mimi sikudanganya afande. Aliniuliza kama najua msichana wa kwa picha. Huyo msichana simjui."

Afande alipoisikia rekodi hiyo baadaye alitoka nje akaenda kusimama peke yake nyuma ya jengo. Hakukosea kwa jinsi tulivyofunzwa wakati ule. Sote tulikuwa tukidhani anayedhulumu mtoto kwenye simu yuko mbali, hana uso, na maswali yetu yalitengenezwa kwa mtu wa namna hiyo. Siku hizi hatumwonyeshi mtoto picha na kumuuliza kama anamjua aliye pichani. Tunamuuliza anadhani anaongea na nani.

Amri ilitoka kwa hakimu kabla hatujaishiwa na habari za ghala. Afande alikuja akitembea polepole kama anayekwenda kunywa maji, akamsalimia kwa Kikamba chake kibovu, na baba mdogo alipoinuka kumpa mkono, simu ikachukuliwa. Hakupiga kelele. Aliketi tena, akaweka mikono juu ya magoti, akatazama gari lake. Ile akaunti ya msichana wa Nakuru ilikutwa humo, na ile laini nyingine, ya yule bibi, ilikuwa kwenye gari. Picha ilikuwemo pia. Mpelelezi alituambia haikuwa imetumwa kokote, na mama alipoambiwa hilo alilia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Sitaki kusema mengi kuhusu kesi, kwa sababu bado inaendelea. Mtoto alitoa ushahidi akiwa kwenye chumba kingine, kupitia skrini, na rekodi ya mwanzo ilipunguza maswali mengi. Hakumwona mtu yule hata mara moja. Familia iligawanyika. Wapo wazee waliokuja ofisini kwangu kuniomba jambo hili lirudishwe nyumbani, mbuzi wachinjwe, watu wapatane. Hao niliwajibu mimi mwenyewe, na sikutabasamu.

Kilichonibakia moyoni zaidi ni siku baba alipofika kutoka Mombasa. Tulikuwa tumempigia simu sisi, kwa spika, wote tukiwa mezani, ili asisikie kutoka kwa mtu wa mtaani. Alikuja moja kwa moja hadi ofisini, bado na buti za kazi. Ni mtu mnene, mpole, anayefanana sana na ndugu yake, hata mimi nilishtuka nilipomwona mlangoni. Aliuliza mara mbili kama mtoto ataogopa akimwona. Nikamwambia sijui. Mshauri alikuwa amesema afadhali tumwambie ukweli.

Mtoto alikuwa ameketi na mama yake kwenye chumba cha mkeka, ametugeuzia mgongo, anachora. Baba alisimama mlangoni. Akafungua mdomo, na nikaona neno likimfika kwenye ulimi na kurudi. Alikuwa amesoma ile karatasi ya ujumbe. Kisha akamwita kwa jina lake la shule, lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa sauti ya kuogopa.

Mtoto hakugeuka. Nadhani kwanza hakujua kwamba ni yeye anayeitwa, kwa sababu sauti ilikuwa ya baba yake na jina halikuwa lile ambalo baba yake humwitia. Akamwita tena. Ndipo akageuka, akamtazama tangu kwenye buti hadi usoni, na akakunja uso kama mtu aliyepewa chakula kisicho chake.

"Baba," akasema, "mbona unaniita kama mwalimu?"

Baba akavua kofia akaifinyanga mikononi. Alijaribu kueleza, akasema alidhani labda hataki tena kusikia lile lingine, kwamba yeye angeelewa. Maneno hayakufika mwisho. Mtoto alimwacha ahangaike kidogo. Kisha akasogea pembeni, akapiga mkeka kwa kiganja, mahali pa mtu kukaa.

"Niite vizuri," akamwambia.

Yule mtu mnene akavua buti zake mlangoni, akaketi chini karibu na binti yake, akamwita. Mimi nikafunga mlango.